Kijana Wangu Asema YouTube Ndio Chuo Chake, Mjombake Amtaka Kwenye Lori

BARUA

Asalaam aleikum dada mshauri,

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, na naomba jina langu usilitaje maana huu mtaa wetu kila mtu ana simu na kila mtu anasoma. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi hapa mlangoni, jioni viazi karai na bajia. Mume wangu yuko Qatar ni dereva, mwaka wa tano sasa, na alhamdulillahi anatuma. Shida yangu ni huyu mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 20.

Alimaliza fomu foo akapata D+ na tangu hapo yuko nyumbani. Naanza kwa kusema si mtoto mbaya. Hajanivunjia heshima hata siku moja, muguka, yale majani ya kulevya, hatafuni, maskani hakai na wale vijana tunaowasikia na mapanga, magharibi ikiadhiniwa yuko ndani. Lakini sasa huko ndani anafanya nini? Yuko na simu. Mie naamka saa kumi alfajiri kuangalia unga wangu kama umeumuka nakuta mwangaza wa simu unamwaka usoni, halafu yeye aamke saa tano, mie nshauza nshamaliza nshaosha na masufuria. Nikimuuliza anasema "mama nasoma". Wasoma nini? "YouTube ndio chuo changu mama, wewe hujui tu."

Na kusema kweli kuna wakati nilimwamini. Mwaka jana friji ya jirani ilikuwa haigandishi, fundi akamwambia ni kompresa anunue mpya, huyu wangu akaingia ndani akatazama video za Wahindi sijui usiku mzima, asubuhi akaenda akaifungua akasema kompresa nzima, kilichokufa ni kile kidude cha kuiwasha, akanunua kwa shilingi 350 akakiweka ikagandisha. Jirani akampa 800. Dada yangu, nilitamba mtaa mzima! Akatengeneza na feni yetu, na pasi, na feni ya msikitini. Nikasema basi huyu amepata njia yake.

Kisha shangazi yake wa Likoni akamwita friji yake nayo haifanyi baridi. Akaenda, akasema gesi imeisha, akatafuta video, akaazima mtungi kwa rafiki yake akaitia. Siku ya pili ile friji ikafa kabisa na kompresa yake ikaungua. Shangazi akaja hapa akasema mbele ya watu kwamba mwanangu si fundi ni mtazamaji, na ataka pesa zake. Tukalipa, mie nusu babake nusu.

Tangu siku hiyo hajashika bisibisi. Watu wawili wamekuja kumwita akasema hayuko. Lakini kutazama ndio kumezidi! Juzi nilikuwa naanua nguo kwenye kamba nikasimama nyuma yake dirishani hajui kama niko, nikaona video ya friji, haijaisha ikaja ya mtu anaanguka kwenye maji, ikaja mpira, ikaja mzungu anakula pilipili analia, ikaja tena mtu anaanguka. Hii ndio chuo?

Waifai nalipa 1,500 kila mwezi, mtu wa mtaa ndiye aliyetuvutia. Niliiweka ili tumuone babake kwa video, na ni kwa sababu ya binti yangu yuko gredi ya sita, kazi za nyumbani anazoletewa mie sizielewi hata kidogo, lakini akiingia kwenye video kuna mwalimu anamweleza hesabu za sehemu polepole na anazielewa. Kwa hivyo nikikata nimemkatia nani? Na mie pia jioni nikichoka naangalia tamthilia zangu za Waturuki, sitakuficha.

Sasa kaka yangu ana lori la kubeba kontena, bandarini mpaka Malaba kwenye mpaka wa Uganda, na tanboi wake, yule msaidizi wa dereva, ameondoka. Amesema mwisho wa mwezi anataka jibu, ama mwanangu ama atafute mwingine. Mume wangu ametuma sauti kwa WhatsApp: "Mkatie hiyo waifai na umkabidhi mjombake, asije akawa mwanamke ndani ya nyumba." Nilipomwambia kijana akanyamaza, akanyamaza sana, halafu akaniuliza "mama, Julius Yego si alijifunza kurusha mkuki kwa YouTube, mbona yeye hakukatiwa waifai?" Nikakosa jibu.

Nikimpeleka kwa lori naogopa barabara, ajali, muguka, na yale mambo ya huko wanakolala. Nikimwacha naogopa atafika miaka 30 yuko kwenye hicho kitanda. Nifanye nini?

Mama wa Mahamri, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam dadangu, na pole kwa hiyo saa kumi ya alfajiri, hiyo peke yake ni kazi ya watu wawili.

Nikikuelewa sawasawa, nyumbani kwako kila mtu ana lake. Mumeo ataka waifai ikatwe, kakako ataka tanboi, binti ataka mwalimu wake wa hesabu, shangazi alitaka pesa zake akapata, na kijana ataka aachwe. Nimetafuta kwenye barua nzima pahali uliposema wewe wataka nini, sikupaona. Unaniambia waogopa hili na waogopa lile, basi. Hilo liweke pembeni kidogo, nitarudi kwalo.

Hebu nianze na Yego maana hapo ndipo kijana alipokufunga mdomo. Alichosema ni kweli. Yego ni wa kule Nandi, hakuwa na kocha wa mkuki, alikuwa anaingia saiba, yale maduka ya intaneti, kutazama video za kina Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, na mwaka wa 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, mwaka uliofuata akaleta medali ya fedha kutoka Rio. Lakini kijana wako amekuhadithia nusu. Yule mtu akitoka saiba alikuwa anakwenda uwanjani kurusha, anakosea, anarusha tena. Na tena, baada ya kushinda dhahabu ya michezo ya Afrika kule Maputo mwaka wa 2011, alipata ufadhili akaenda Finland, pahali panaitwa Kuortane, akafanya mazoezi chini ya kocha, mtu mzima na macho yake anamtazama mkono. Kwa hivyo wakati mwingine akikutolea Yego usikasirike, mwambie haya nimekubali, sasa tuhadithie na ile sehemu ya uwanjani na ile ya Finland.

Sasa nikuulize kitu dadangu. Umeandika kwamba huyu mtoto kazi yake ni kutazama tu, na hapo hapo umeandika ametengeneza friji, feni mbili na pasi. Mtu ambaye fundi amesema kompresa imekufa naye akabisha, akapima, akapata kosa lenyewe kwa shilingi 350, huyo alisoma kitu. Wewe mwenyewe ulitamba. Kisha ikaja siku ya Likoni. Na ukiangalia barua yako vizuri utaona kutazama kulizidi baada ya Likoni, na bisibisi ikawekwa chini baada ya Likoni. Mie simjui mwanao na naweza kuwa nakosea, lakini najiuliza kama hapa tatizo ni YouTube au ni aibu. Kijana wa miaka 20 ameambiwa mbele ya watu kwamba yeye si fundi ni mtazamaji, babake amelipa nusu ya hasara kutoka Qatar, na hakuna aliyekaa naye kumuuliza kwani ilikuwaje. Kutazama video hakuunguzi kompresa ya mtu. Unaweza kutazama friji mia moja zikitengenezwa na zote zikapona, na wewe hujaharibu kitu, na hakuna shangazi atakayekuja mlangoni. Ukiwa na uchungu hapo ni pahali pazuri sana pa kujificha, na ukijificha unajiambia unasoma, na nusu ya wakati ni kweli unasoma, ndio maana ni vigumu kumbishia.

Ile video ya mtu anaanguka majini sasa. Hiyo hakuitafuta. YouTube ni bure kwa sababu matangazo ndio yanayolipa, na matangazo yanataka mtu akae. Tangu 2012 mashine yao ya kupendekeza video ilianza kuangalia mtu ametazama kwa muda gani kuliko amebonyeza mara ngapi, na mwaka wa 2018 mkubwa wao mmoja alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanatazama unatokana na video walizopendekezewa. Yaani wengi wetu tunaingia na letu moja na tunatoka na yao saba. Ongeza na kule kuendelea kwenyewe, moja ikiisha nyingine inaanza bila kuombwa, ongeza na hizi fupi fupi za kusukuma kwa kidole zilizokuja miaka ya karibuni, halafu mpe kijana asiye na pa kwenda kesho asubuhi. Mie mtu mzima nina kazi na nina watoto na zile za mapishi zinanishinda, sembuse yeye. Kwa hivyo ukimkuta kwenye mzungu wa pilipili usimuite mwongo papo hapo, kuna uwezekano saa moja nyuma aliingia kutafuta friji kwa nia safi kabisa.

Angalia na binti yako, maana waifai ni hiyo hiyo. Yeye anaingia na swali kutoka kwenye daftari, anapata jibu, anarudi kwenye daftari, na kesho mwalimu anasahihisha. Kijana anaingia bila swali na hakuna wa kumsahihisha. Na mumeo akisema huo ni upuuzi mtupu mkumbushe kwamba 2020 shule zilipofungwa mwezi wa Machi, serikali yenyewe kupitia KICD, taasisi yake ya mitaala, ilipitisha masomo kwenye redio, televisheni na hiyo hiyo YouTube.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza na mie ndilo lililonishtua kuliko waifai na kuliko lori. Ile gesi. Kijana aliazima mtungi kwa rafiki akatia gesi kwenye friji kwa kufuata video. Friji hazina gesi moja. Za zamani kidogo nyingi ni R134a, haishiki moto. Nyingi mpya ni R600a, na hiyo ni ndugu wa gesi tunayopikia, inawaka, ndio maana hubandikwa alama ya moto karibu na kompresa. Ukiingiza isiyo yake, au ukazidisha kipimo, kompresa inaungua kama ile ya Likoni, na huo ndio mkosi mdogo. Mkubwa ni mtu kuwasha moto wa kuchomelea bomba wakati ile inayowaka ingali ndani. Tena wanaofundisha kwenye hizo video hawako Kisauni. Marekani stima yao ya nyumbani ni volti 120, yetu ni 240. Kwao waya mweusi ndio wenye moto, kwenye nyumba zetu za zamani mweusi ni nyutro na mwekundu ndio moto, na kwenye nyaya za siku hizi moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Mtu akifuata rangi za video bila kupima kwa tesita anaweza kukata roho akiwa na uhakika kabisa anafanya sawa. Na kuna vile vidude vinaitwa kapasita, kwenye AC hasa, vinakaa na umeme ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Video nzuri inasema haya. Video mbovu inaruka, na yule anayetazama saa nane za usiku anaruka pia.

Wewe mahamri ulijifunzaje? Kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yako akisema unga bado huo, ongeza tui kidogo, mafuta hayajapata moto, toa mkono! Siku hizi mapishi ya mahamri yamejaa kwenye simu na wasichana wanayafuata neno kwa neno na yanatoka kama mawe, kwa sababu video haiugusi unga wako. Nafikiri hicho ndicho anachokikosa kijana wako, mtu wa kumwambia toa mkono.

Basi tuangalie njia zilizoko, na kila moja ina mashaka yake.

Kukata waifai. Ni rahisi na mumeo atafurahi. Lakini kijana wa miaka 20 atanunua bando ya shilingi 20, au atakwenda kukaa pahali kwenye waifai ya bure, na pahali hapo panaweza kuwa maskani ile ile unayoshukuru Mungu kwamba hakai. Binti atapoteza mwalimu wake, na babake hatowaona tena isipokuwa kwa kununua bando pia. Kuna katikati, waifai nyingi za nyumbani unaweza kumwambia yule aliyekuvutia azime saa fulani za usiku, sema saa tano mpaka alfajiri. Kwenye simu yenyewe kijana anaweza kuzima ile ya kuendelea yenyewe, kuweka ukumbusho wa kupumzika, na akizima historia ya alivyotazama na kuifuta, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu hauna mapendekezo, mpaka uandike mwenyewe unatafuta nini. Hii ya mwisho mie naipenda. Lakini haya akiyafanya yeye kwa mkono wake yanakaa, ukimfanyia wewe akiwa amelala atayarudisha kabla hujamaliza kukaanga.

Lori. Naona wewe na mumeo mnalichukua kama kazi ya uhakika na YouTube kama uvivu wa uhakika, na sina hakika kama ni hivyo. Muulize kakako safari ngapi anapata kwa mwezi, maana tangu 2018 kontena nyingi zinapanda SGR, ile reli mpya, kwenda Nairobi na watu wa malori wamelalamika wee. Muulize tanboi wa kwanza aliondoka kwa nini. Muulize atamlipa nini na atalala wapi foleni ya Malaba ikishika. Kwa upande mwingine usilidharau pia. Kijana aliyejifungia chumbani, kuondoka nyumbani na mtu wa damu yake, kuchoka, kushika pesa yake ya kwanza, kuona Mtito na Eldoret, kunaweza kumtoa kwenye ile aibu kuliko maneno yangu yote haya. Na kunaweza pia kumpa muguka na usingizi wa mchana na hasira kwamba nyote mlimuona hafai. Kwenda akiwa ameamua na kwenda akiwa ametupwa ni safari mbili tofauti kwenye lori moja.

Fundi. Mombasa hii na joto lake na hewa ya chumvi inayokula mashine za AC, kazi ya friji na AC haikosi, kuanzia majumbani mpaka hoteli za kuanzia Nyali kwenda Shanzu. Mafundi wenye vibanda wako Majengo, wako Kongowea, ulizia. Mashaka yake ni kwamba mafundi wengine wanamfanya kijana wa kuletewa chai mwaka mzima, wengine wanataka pesa ya kufundisha, na malipo mwanzoni hakuna au ni ya nauli. Itabidi uendelee kumlisha. Lakini akikaa na fundi wa kweli, baadaye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unaanza gredi ya tatu kupanda mpaka ya kwanza, na kituo wanacho hapa hapa Mombasa, mtihani wenyewe sehemu kubwa ni wa mikono. Na akitaka darasa, D+ haijamfungia mlango, vyuo vya ufundi vinaingiza kwa cheti na watu wa D+, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wanakopesha mpaka wanafunzi wa vyuo hivyo. Wazee wetu wangapi walitokea pale Tudor enzi za MIOME, kile chuo cha Waislamu, kabla haijaitwa politekniki na kabla haijakuwa chuo kikuu, wakashika bandari na reli? Sina hakika kama kuna mtu amemuambia kijana wako kwamba njia hiyo ipo. Inawezekana anafikiri ile D+ ndio mwisho wa habari na YouTube ndio chuo pekee kisichomuuliza cheti.

Na njia hizi si lazima zitengane, waweza kuwa na fundi asubuhi na video jioni, waweza kuwa na lori miezi michache akakusanya ada ya chuo. Lakini hilo ni lenu.

Kabla ya hayo yote ningependa ukae naye, wewe na yeye, simu zote mbili zikiwa pembeni, na ya kwako pia na hao Waturuki wako, maana yeye anaona. Usianze na lori. Muulize ilikuwaje ile siku ya Likoni, hatua kwa hatua, na umwache aeleze mpaka mwisho hata kama huelewi neno. Muulize leo akiitwa kwenye friji kama ile atafanya nini tofauti. Kama ana jibu, basi usiku mwingine kweli alikuwa anasoma. Kama hana, usimcheke, hapo umepata pa kuanzia, mwambie basi tutafute mtu wa kukuonyesha. Muulize wale wawili waliokuja akasema hayuko, aliogopa nini. Akinyamaza mwache anyamaze, mletee chai, rudi kesho yake.

Na mumeo, nakuomba, umfikishie hadithi nzima na si ile ya kitanda na simu peke yake. Anasikia mambo kwa sauti za WhatsApp akiwa mbali na amechoka, na ile kauli ya "asije akawa mwanamke" ni hofu ya baba aliyeko nje ya nyumba, ingawa mie kauli yenyewe siipendi na nadhani hata wewe, uliyeilisha nyumba kwa mahamri, haikukukalia vizuri. Pengine akizungumza na mwanawe wenyewe wawili, bila wewe kubeba maneno katikati, atasikia kitu ambacho wewe huwezi kumfikishia.

Nilisema nitarudi kwa lako wewe. Ukishasikiliza wote hao, jiulize kama hofu ile ya barabara na hofu ile ya kitanda zingeondoka zote mbili leo, ungemtaka wapi huyu mtoto? Mwambie na yeye hilo, kwa maneno yako. Ana haki ya kujua mamake amtakia nini mbali na kumtaka aamke mapema.

Kaka yako mwambie bado mwazungumza na jibu atalipata, na kama mwisho wa mwezi hamjakuwa tayari basi atafute tanboi mwingine kwa sasa. Akinuna atanuna siku mbili tatu, ni nduguyo.